Vitamini C kwa anayesafishwa damu: matunda, kidonge kidogo, kidonge cha elfu moja au sindano?

Swali huja kwenye kaunta ya duka la dawa, na mara nyingi anayeuliza ni binti au mjukuu aliyetumwa. "Sista, mama anasafishwa damu Jumatatu na Alhamisi. Hivi vya elfu moja nimpe kimoja kwa siku au viwili?" Mkononi ana kichupa cha vidonge vya kuyeyusha majini, vile vya ladha ya chungwa vinavyotoa povu. Kila kidonge kina miligramu 1,000.

Kichupa hicho kirudi kwenye rafu. Ila binti hakukosea kuuliza, maana huenda mama kweli amepungukiwa vitamini C, na mashine inayomweka hai ndiyo inayomnyang'anya. Njia za kuirudisha ni nne: chakula, kidonge cha dozi ndogo, kidonge cha dozi kubwa, na sindano mwishoni mwa kila kipindi cha kusafishwa. Njia hizi zinapishana sana kwa faida na kwa hatari. Ipo na ya tano, haiuzwi dukani, nami naiweka mbele ya zote nne. Tutaifikia.

Kinachopotea kichujioni

Figo nzima hutupa uchafu na kurudisha vyenye maana. Kichujio cha mashine hakina uchaguzi huo. Kitu kikiwa kidogo, kikayeyuka majini na kisishikamane na protini, kinapita. Vitamini C ina sifa zote tatu. Kwa saa 4 damu inazunguka upande mmoja wa utando, na upande wa pili yanapita maji ya dialisisi (ndilo jina la huko kusafishwa damu) kwa kasi ya kama mililita 500 kwa dakika, jumla lita 120 hivi. Mgonjwa anapochomolewa sindano, kiwango cha vitamini C kwenye damu yake kimeshuka kwa theluthi moja hadi nusu. Wanaosafishwa kwa njia ya hemodiafiltresheni, ambayo huvuta maji mengi zaidi kupitia utando, hupoteza zaidi. Wanaosafishwa kwa tumbo, yaani kwa maji yanayoingizwa na kutolewa tumboni, nao hawasalimiki.

Hilo ni tundu moja. La pili ni jikoni: mgonjwa ameambiwa achunge potasiamu, basi matunda yamepungua, na mboga hukatwakatwa, huchemshwa kwa maji mengi, kisha maji humwagwa. Potasiamu inatoka kweli, lakini vitamini C inatoka nayo, na ile iliyobaki moto unaimaliza. La tatu ni hamu ya kula, ambayo kwa wengi imekwisha siku nyingi.

Matokeo yake ni kwamba kiseyeye, ugonjwa ambao tulisoma shuleni kama habari za mabaharia wa zamani, kinaweza kumpata mtu aliyekaa kwenye kiti cha dialisisi mjini. Tatizo ni kukitambua. Fizi zikitoka damu, lawama huenda kwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mashine. Michubuko mikononi, ni sindano. Uchovu na maumivu ya miguu, ni figo. Kidonda kisichopona, ni kisukari. Kila dalili ina mwenyewe, kwa hiyo hakuna anayeuliza kuhusu vitamini C.

Mkazo wa oksidisho, kwa maneno ya kawaida

Mwili unapotumia oksijeni, hujitokeza molekuli zilizopungukiwa elektroni, radikali huru, na hizo hupora elektroni kwa jirani yeyote: mafuta ya kuta za seli, protini, hata DNA. Walinzi wapo, kina vitamini C, vitamini E, glutathioni na vimeng'enya kadhaa. Uporaji ukiwazidi walinzi, hali hiyo ndiyo huitwa mkazo wa oksidisho, na kwa miaka mingi umehusishwa na kuharibika kwa mishipa ya damu. Wagonjwa wa dialisisi hufa kwa moyo na mishipa kuliko kwa jambo lingine lolote, ndiyo maana suala hili halibaki kwenye vitabu.

Mgonjwa wa figo hufika kitandani mizani yake ikiwa imekwisha kuinama: sumu zilizorundikana, mara nyingi kisukari na presha, na mwili ulio katika hali ya uvimbe wa ndani kwa ndani. Kisha mashine inaongeza yake. Damu ikigusa utando wa kichujio, chembe nyeupe huchukulia kwamba zimekutana na adui, nazo huachia silaha: superoksidi, haidrojeni peroksidi, na asidi ya haipoklorasi, ileile inayofanya kazi ndani ya maji ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Kwenye vichujio vya zamani vya selulosi, aina ya Cuprophan, jambo hili lilionekana wazi kwenye vipimo: ndani ya nusu saa ya kwanza chembe nyeupe zilipungua ghafla kwenye damu kwa kuwa zilikuwa zimeamshwa na kwenda kunasa mapafuni. Vichujio vya sasa vya polisalfoni na ndugu zake vimepunguza sana hali hiyo, ingawa havijaifuta.

Vitamini C ni ya kwanza kutumika katika vita hivyo kwenye majimaji ya damu, na pia huifufua vitamini E iliyokwisha kujitoa mhanga. Sasa weka pamoja: mlinzi mkuu anatupwa kwenye bomba la maji machafu, wakati huohuo adui anaongezeka. Hesabu inayojileta yenyewe ni kumwongezea mgonjwa vitamini C, tena nyingi. Hesabu hiyo ina mantiki safi sana, na watu wengi wanaishia hapo.

Tafiti tatu za mwaka 2005

Bahati nzuri, katika mwaka mmoja zilichapishwa tafiti tatu ambazo ukizisoma pamoja zinakupa karibu kila unachohitaji ili kuchagua.

Ya kwanza, kutoka Vienna, Austria, ilifuatilia wagonjwa wa dialisisi na kukuta kwamba wenye kiwango cha chini cha vitamini C kwenye damu walipatwa zaidi na matukio ya moyo na vifo. Yaani upungufu si jambo la kupuuza. Ni uhusiano tu, lakini: mtu anayekula vibaya na mwenye uvimbe mwingi mwilini atakuwa na vitamini C chache, na atakufa mapema kwa sababu nyingine tele.

Ya pili, kutoka Ufaransa, ilifanya kile ambacho sote tungetaka kifanywe. Wagonjwa walipewa kwa mdomo miligramu 250 za vitamini C mara tatu kwa wiki kwa miezi miwili. Kiwango kwenye damu kilirudi kuwa cha kawaida. Vipimo vya mkazo wa oksidisho na vya uvimbe? Havikutikisika.

Ya tatu, kutoka Italia, iliangalia wanaopewa vitamini C ya mshipani kwa dozi ambayo watu waliiita ndogo, kwa muda mrefu. Ilikuta oksaleti ya kalsiamu kwenye majimaji ya damu ikipanda hadi kiwango ambacho inaweza kuanza kujiganda.

Nikiziunganisha: upungufu ni mbaya, kuuziba kunawezekana kwa dozi ya kawaida tu, kuziba huko hakuzimi mkazo wa oksidisho, na ukizidisha unaleta balaa jipya. Yeyote anayekuuzia vitamini C kama dawa ya "kuondoa sumu za mashine" amevuka sehemu ambayo ushahidi uliishia. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio ya vizuia oksidisho kwa wagonjwa wa figo, hayakuona kwamba kwa ujumla vinapunguza vifo, japo yalidokeza kwamba huenda walio kwenye dialisisi wanapata nafuu kidogo upande wa moyo. Hiyo ni "huenda" tu.

Kuhusu oksaleti inafaa nieleze zaidi, maana ndiyo inayotenganisha dozi ndogo na kubwa. Mtu mwenye figo nzima akimeza miligramu 1,000, sehemu kubwa hainyonywi tumboni, na ile iliyonyonywa ikizidi anaikojoa. Mara nyingi hasara yake ni pesa tu. Asiye na figo hana mlango huo. Vitamini C inayobaki mwilini huvunjwavunjwa, na moja ya mabaki yake ni oksaleti, ambayo nayo hutegemea figo kutoka. Mashine huitoa kiasi, kisha inajazana tena kabla ya kipindi kinachofuata. Ikizidi hujishika na kalsiamu na kutua kama fuwele kwenye mifupa, viungo, mishipa na misuli ya moyo. Kwa anayesafishwa mara mbili kwa wiki badala ya tatu, kama ilivyo kwa wengi Afrika Mashariki, nafasi kati ya kipindi na kipindi ni ndefu zaidi, na oksaleti haisubiri bima iongeze siku.

Chakula: chachu si kipimo

Kwa chakula, swali ni moja: kila miligramu ya vitamini C inakuja na potasiamu kiasi gani? Kinachotakiwa kwa siku si kingi. Mwongozo wa lishe wa KDOQI, wataalamu wa figo wa Marekani, uliohuishwa mwaka 2020, unataja angalau miligramu 90 kwa mwanamume na 75 kwa mwanamke.

Pera moja la wastani linatosha na kubaki: lina zaidi ya miligramu 100 za vitamini C kwa potasiamu kama 230. Chungwa moja la wastani lina kama 70 kwa potasiamu 240. Nanasi ndilo ninalolipenda zaidi kwa kazi hii. Kikombe kimoja cha vipande kina kama 79 kwa potasiamu 180 tu. Papai, kikombe kimoja, 88 kwa 260 hivi. Pilipili hoho watu huisahau kabisa, na ndiyo bingwa wa kachumbari: nusu ya ile nyekundu, mbichi, ina zaidi ya 70 kwa potasiamu isiyofika 150. Kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba nayo si haba, na ni ya bei rahisi.

Sasa upande wa pili. Ndizi mbivu moja ina vitamini C kama 10 na potasiamu zaidi ya 400. Kikombe cha dafu, kinywaji ambacho kila mgeni hospitalini huona ni zawadi ya afya, kina potasiamu kama 600 na vitamini C ya kuhesabu kwa vidole. Glasi ya juisi ya machungwa ina vitamini C nyingi, kweli, lakini umekamua machungwa matatu na potasiamu yake yote, karibu 500, na juu yake ni robo lita ya maji ambayo mgonjwa amewekewa kikomo. Kula chungwa, acha juisi. Ubuyu una sifa kubwa ya vitamini C, lakini kiasi chake hubadilika sana kutoka mti hadi mti, na potasiamu yake ni nyingi mno. Ukwaju ndio unaowadanganya wengi zaidi. Ni mchachu, basi watu hudhani umejaa vitamini C. Hauna karibu kitu, ila potasiamu unayo tele. Kwa anayefuturu kwa juisi ya ukwaju huku akisafishwa damu, hili ni jambo la kuliangalia kabla Ramadhani haijaingia.

Wapwani wawe macho kwa birimbi. Ndani ya mchuzi wa samaki ni kiungo tu, lakini lina oksaleti kwa wingi, na kutoka Kerala, India, zimeandikwa habari za watu wenye figo nzima zilizogoma baada ya kunywa juisi yake nzito. Ndugu yake, lile tunda la njano ambalo ukilikata linatoa vipande vyenye umbo la nyota, ni hatari zaidi kwa mgonjwa wa figo. Lina sumu ya neva ambayo wanasayansi wa Brazil waliitambua mwaka 2013. Huanza na kwikwi isiyokoma, halafu kuchanganyikiwa, degedege, hata kifo. Hilo halina kiasi salama kwa mtu aliye kwenye mashine. Lisiingie nyumbani kwake.

Njia ya chakula naipendelea kwa mwenye hamu ya kula na ambaye potasiamu yake imetulia kwenye vipimo vya mwezi. Kwake, tunda moja sahihi kwa siku, au kachumbari yenye hoho, ni jibu kamili. Haileti oksaleti ya kutisha, na mtu anapata raha ya kula kama watu wengine. Kwa ambaye potasiamu yake inapanda mara kwa mara juu ya 6 (milimoli kwa lita), chakula peke yake ni mtego.

Kidonge kidogo

Hapa ndipo wengi wangefaa kuwa, na hapa ndipo wachache wapo, kwa sababu dozi ndogo haina mvuto dukani. Kinachotafutwa ni miligramu 60 hadi 100 kwa siku. Zipo tembe zilizotengenezwa mahususi kwa wanaosafishwa damu, zenye vitamini za kundi B, foliki asidi na vitamini C ya kiasi hicho. Uzuri wake mwingine ni kile kisichokuwamo: hazina vitamini A. Multivitamini ya kawaida ya dukani huwa nayo, na vitamini A hurundikana kwa mgonjwa wa figo. Kwa hiyo kumpa mama multivitamini ya familia nzima kwa sababu "ina C kidogo tu" si njia ya mkato nzuri.

Zikikosekana, vitamini C ya peke yake inatosha. Kama kilichopo ni kidonge cha kutafuna cha 200, nusu yake inatosha.

Muda wa kumeza una maana kuliko watu wanavyodhani. Siku ya mashine, kidonge kimezwe baada ya kutoka, jioni ukirudi nyumbani. Ukikimeza asubuhi kabla ya kwenda, umeipeleka vitamini kwenye bomba la maji machafu kwa nauli yako mwenyewe. Siku nyingine, saa yoyote.

Je, kitapunguza mkazo wa oksidisho? Utafiti wa Ufaransa unaniambia nisikuahidi. Kitazuia kiseyeye, kitasaidia vidonda kufunga na chuma cha kwenye chakula kunyonywa. Mimi hilo linanitosha kukichagua.

Kidonge cha 500 au cha 1,000

Oksaleti nimeshaieleza. Kuna mengine matatu.

Kwanza, hivyo vya povu hupata povu lao kutoka kwenye sodiamu baikaboneti. Kidonge kimoja kinaweza kubeba miligramu 200 hadi 300 za sodiamu. Huyu ni mtu aliyekatazwa chumvi, anayepimwa uzito kabla na baada, anayehesabiwa hata vikombe vya chai. Sasa anameza chumvi iliyojificha ndani ya glasi nzima ya maji, kisha kiu inampeleka kwenye glasi ya pili.

Pili, kisukari. Baadhi ya mashine ndogo za kupima sukari kidoleni huichanganya vitamini C na glukosi, na kiwango cha vitamini C kikiwa juu husoma sukari kubwa kuliko iliyopo. Mgonjwa asiye na figo hubaki na kiwango hicho kwa muda mrefu. Akichomwa insulini kwa kuamini namba hiyo, sukari halisi inashuka hadi anazimia, na mashine ya kidoleni bado inasema yuko juu. Ni jambo la nadra kwa vidonge na la karibu zaidi kwa sindano za dozi kubwa, lakini nani anataka kulijaribu nyumbani usiku?

Tatu, chuma. Vitamini C huibadilisha chuma kuwa ya aina inayofanya kazi haraka na peroksidi, na mkutano huo huzalisha radikali kali kuliko zote. Mgonjwa wa dialisisi huchomwa chuma mshipani mara kwa mara. Kumjaza vitamini C juu ya hapo ni kumpa mlinzi ambaye anaweza kugeuka na kushika silaha za upande wa pili. Maabara zimeonyesha hilo waziwazi. Mwilini mambo ni mchanganyiko zaidi, lakini sioni sababu ya kulitafuta.

Sina mgonjwa wa dialisisi ninayeweza kumfikiria ambaye kidonge cha elfu moja kila siku ndicho chaguo lake bora.

Sindano mwisho wa kipindi

Hii ina historia tofauti, na haikuanzia kwenye mkazo wa oksidisho. Ilianza kwa wagonjwa ambao damu haipandi. Wanachomwa erithropoietini, ile sindano ya kuongeza damu, ferritini yao iko juu kuonyesha chuma kimejaa ghalani, na bado hemoglobini imekwama. Vitamini C husaidia kukitoa chuma ghalani. Katika majaribio madogo, miligramu 300 hadi 500 zilizopitishwa kwenye mashine mwishoni mwa kila kipindi, kwa wiki kadhaa hadi miezi, ziliwapandisha baadhi ya wagonjwa hemoglobini au kuwapunguzia dozi ya erithropoietini.

Hata hivyo mwongozo wa upungufu wa damu wa mwaka 2012 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, ulishauri isitumike kama nyongeza ya erithropoietini, ikiwa kwenye fungu moja na vitamini E, vitamini D, foliki asidi na nyinginezo, kwa sababu ushahidi ni mwembamba. Ukichanganya na ile habari ya Italia, unapata dawa ya muda mfupi, kwa sababu maalumu, chini ya daktari bingwa wa figo anayejua kwa nini anaitoa na ataisimamisha lini. Kabla ya hapo kuna kipimo cha G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, cha kukumbuka. Upungufu wa kimeng'enya hicho uko kwa wingi kwetu, hasa pwani na kote ambako malaria imekaa karne nyingi, na vitamini C ya mshipani kwa dozi kubwa inaweza kupasua chembe nyekundu za mtu wa namna hiyo.

Zile "dripu za vitamini" za kung'arisha ngozi zinazotangazwa mijini, mgonjwa wa figo azipite mbali.

Ya tano: kupunguza mkazo unakozaliwa

Kumwaga vitamini C kwa mtu ambaye mashine yake, maji yake na katheta yake vinawasha chembe nyeupe kila kipindi ni kukumba maji kwenye ngalawa ambayo hujaziba tundu lake.

Anza na maji. Lita 120 kwa kipindi, zikitenganishwa na damu kwa utando mwembamba tu. Kiwango cha kimataifa kwa maji ya dialisisi ni bakteria chini ya 100 kwa mililita na endotoksini, sumu itokayo kwenye kuta za bakteria, chini ya yuniti 0.25; maji yaliyosafishwa kwa hali ya juu hushuka hadi chini ya 0.1 na 0.03. Vipande vya bakteria vikivuka utando, chembe nyeupe huamka hata kama kichujio ni cha kisasa. Halafu kuna klorini na kloramini zinazotiwa kwenye maji ya mji. Watafiti wa Minnesota waliandika mwaka 1973 jinsi kloramini ilivyokuwa ikioksidisha hemoglobini ya wagonjwa na kupasua chembe zao nyekundu. Kikomo cha klorini yote leo ni miligramu 0.1 kwa lita, na kinacholinda ni matangi ya mkaa. Na hapa kuna kitu kinachonifurahisha: vitamini C hutumika baadhi ya mahali kuizima kloramini, ikitiwa ndani ya maji ya dialisisi yenyewe. Huko inafanya kazi yake ya kuzuia oksidisho bila ubishi wowote, nje ya mwili.

Ndugu wa mgonjwa ana haki ya kuuliza klorini hupimwa mara ngapi na bakteria mara ngapi. Kitengo kinachojua kazi yake hujibu bila kununa, na mara nyingi daftari liko mlangoni mwa chumba cha maji.

Katheta ya shingoni, ule mrija wa kupitishia damu, inayokaa miezi na miezi ni chanzo kingine cha uvimbe, hata ikiwa haina usaha wala homa. Fistula, yaani mshipa wa mkono ulioandaliwa kwa upasuaji, ikitengenezwa mapema hupunguza hilo. Chuma mshipani kitolewe kwa kufuata vipimo, kisitolewe kwa mazoea. Fizi na meno yatibiwe. Sigara iachwe. Na vipindi visirukwe, maana sumu zenyewe ni chanzo kikubwa.

Kuna wanaouliza vitamini E badala ya C. Jaribio la Israel la mwaka 2000, SPACE, lenye wagonjwa 196 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo, lilionyesha matukio ya moyo yakipungua kwa yuniti 800 kwa siku. Lilileta matumaini makubwa. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2014, lenye wagonjwa 353 waliopewa aina za vitamini E pamoja na asidi ya alfa-lipoiki kwa miezi sita, halikupata mabadiliko kwenye vipimo vya mkazo wala uvimbe. Vipo pia vichujio vilivyopakwa vitamini E. Bei yake kwa sasa inavitoa kwenye mjadala wa familia nyingi.

Kwa huyo binti wa dukani

Ningemuuliza potasiamu ya mama ilisoma ngapi mara ya mwisho. Kama imetulia na mama anakula, nanasi au pera kila siku na hoho mbichi kwenye kachumbari, basi, hana haja ya kununua kitu. Kama potasiamu inapanda, au mama anasukuma sahani pembeni, au fizi zinatoka damu na vidonda vimegoma, achukue kidonge cha 100 au tembe ya wagonjwa wa dialisisi, ameze usiku, na daktari aambiwe kuhusu hizo fizi. Mama akiwa na kisukari, daktari aambiwe pia ni aina gani ya mashine ya sukari inatumika nyumbani. Kama kuna aliyewahi kupata mawe ya oksaleti, au figo zake zilikufa kwa ugonjwa wa oksaleti wa kurithi, hata hicho kidogo kisianzwe bila bingwa wa figo.

Na siku ya kliniki abebe pakiti zote zilizoko nyumbani, pamoja na unga wa lishe na zile chai za mitishamba alizoletewa na majirani, maana wagonjwa wengi humeza vitamini C kutoka vyanzo vitatu bila kujua na hujibu kwa dhati kabisa kwamba hawatumii.